Kushea, kupachika, skrinshoti au kupakia upya: picha ya mtu uitumie kwa njia ipi?

Tuseme mvua imepiga Dar es Salaam usiku kucha, Jangwani pamejaa maji, na saa 12 asubuhi kijana mmoja aliyekwama upande wa Magomeni ameposti picha ya barabara iliyogeuka mto. Kufika saa 2 picha hiyo iko kwenye kurasa hamsini. Kurasa nyingine zimeishea kwa kitufe. Nyingine zimeipiga skrinshoti. Nyingine zimekata pembe yenye jina lake, zikagonga nembo yao katikati, na chini zikaandika "Picha: Mtandao", kana kwamba mtandao ulilowa mvua ukashika kamera.

Picha ni moja, lakini njia hizo hazina uzito mmoja. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya wanaosimamia kurasa za habari, biashara, kwaya, shule na vikundi vya WhatsApp. Kipimo tunachotumia kote ni hiki: ukishabonyeza, nakala inakaa kwa nani, na mwenyewe akifuta ya kwake, ya kwako inafutika? Njia inayomwachia mwenye picha uwezo wa kuiondoa ina ubishi mdogo. Njia inayomnyang'anya uwezo huo inadai ruhusa, hata ukimtaja jina mara tatu.

Kwanza, nani anamiliki nini

Hakimiliki haiombwi ofisini. Inazaliwa pale pale picha inapopigwa au maneno yanapoandikwa, na hiyo ndiyo kanuni ya Mkataba wa Berne, ambao Kenya iliingia 1993 na Tanzania 1994. Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Zanzibar ina sheria yake ya 2003 na ofisi yake, COSOZA. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 chini ya KECOBO. Kusajili kazi kunasaidia kwenye ushahidi, lakini kutosajili hakumpi mtu mwingine haki ya kuichukua.

Kuna mambo mawili watu huyachanganya. La kwanza: habari yenyewe haina mwenyewe. Kwamba Jangwani pamefungwa ni tukio, na unaweza kuliandika kwa maneno yako bila kumwomba mtu. Kinacholindwa ni picha ile na aya zile jinsi zilivyoandikwa. Kwa hiyo ukurasa usio na picha wala ruhusa bado una habari. Andika mistari minne yako, weka kiungo, basi.

La pili: picha moja inaweza kuwa na haki za watu wawili, aliyeipiga na anayeonekana ndani yake. Ruhusa ya mmoja haitoshi kwa mwingine. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data wa Kenya alitoza klabu moja ya starehe Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake, na shule moja 4,550,000 kwa picha za watoto zilizowekwa bila ridhaa ya wazazi. Hakuna aliyesema picha hizo ziliibwa kwa wapigapicha. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022.

Kitufe cha kushea, au kiungo kitupu

Hii ndiyo njia nyepesi kuliko zote. Unaposhea posti ya Facebook au kuipeleka kwenye stori ya Instagram, hutengenezi nakala yako. Unafungua dirisha la kwenda kwa mwenyewe. Jina lake linatokea bila wewe kuliandika, anayebofya anapelekwa kwake, na akifuta, kwako panabaki pengo. Masharti aliyoyakubali alipofungua akaunti yanaruhusu matumizi ya aina hii ndani ya jukwaa lenyewe.

Pengo hilo ndilo linalowaudhi wasimamizi wa kurasa: unashea asubuhi, mchana unakuta ujumbe kwamba maudhui hayapatikani. Ni hasara ya kweli kwa ukurasa wa habari. Lakini ndiyo bei ya njia hii, na ni bei ya haki.

Jukwaa likikunyima kitufe, usome kama jibu. Instagram inamruhusu mtu kuzuia posti zake zisipelekwe kwenye stori za wengine. TikTok inamruhusu kuzima upakuaji wa video yake na wengine kurekodi sambamba naye. Mtu aliyezima ameshakuambia hataki, na kuizunguka kwa kurekodi kioo cha simu ni kuruka ukuta wakati mlango umefungwa.

Usije ukadhani kitufe kinakinga kila kitu. Kinasaidia kwenye hakimiliki, si kwenye uongo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 na ile ya Kenya ya 2018 zote zilitungwa zikiwa na vifungu vya taarifa za uongo, na "mimi nilishea tu" ni utetezi dhaifu sana.

Kupachika posti kwenye tovuti

Hapa unachukua msimbo kutoka X, YouTube au Instagram na kuubandika ndani ya makala yako. Msomaji anaona posti kwako, lakini inatoka kwenye mitambo ya jukwaa husika. Kwa kipimo chetu, iko karibu sana na kiungo.

Mahakama za nje hazijakaa upande mmoja. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema 2014 kwamba kuweka kiungo cha kitu ambacho tayari kiko wazi kwa umma kwa idhini ya mwenyewe hakuhitaji ruhusa mpya. 2016 ikaongeza kwamba anayeweka kiungo cha kitu kilichoibwa, kwa ajili ya faida, anachukuliwa kuwa alijua. Marekani, jaji wa New York mwaka 2018 alikataa hoja kwamba kupachika si kuonyesha, huku mahakama ya rufaa ya upande wa magharibi 2023 ikiikubali hoja hiyo hiyo. Hakimu wa Kisutu, Dar es Salaam, au Milimani, Nairobi, halazimiki kufuata hata moja kati ya hizo. Tunachoshauri: pachika unapoizungumzia posti yenyewe, usipachike picha ya mtu ili tu ukurasa wako upendeze.

Kuna matatizo mawili ya kiufundi. Msimbo uliopachikwa unakula bando la msomaji, na posti sita kwenye makala moja zinatosha kuifanya isifunguke kwenye simu ya bei nafuu. Tena mwenye posti anaweza kuhariri maneno yake wewe umelala, ukaamka kichwa chako cha habari kinasema hili na posti iliyo chini yake inasema lile.

Skrinshoti

Wengi huiona skrinshoti kuwa salama kwa sababu "sijapakua kitu". Umepakua. Skrinshoti ni nakala kamili inayokaa kwenye simu yako, na mwenyewe hawezi kuigusa tena.

Lakini ina sababu moja nzuri ya kuwepo, nayo ni ushahidi. Ikiwa ofisi ya umma imetoa tangazo lenye kosa, au mgombea ameandika jambo ambalo kesho atalikana, kiungo hakitakusaidia akishafuta. Sheria ya Kenya inaruhusu matumizi ya haki kwa ajili ya uhakiki, maoni na kuripoti matukio ya sasa, mradi chanzo kitajwe. Ndani ya mpaka huo skrinshoti ina nafasi yake, kwa sharti kwamba unajadili kilichomo. Kuibandika bila neno lako hata moja si uhakiki.

Ukiipiga, ipige nzima: jina la akaunti, tarehe, saa, na anwani ya posti uiandike pembeni siku hiyo hiyo. Usikate maneno yaliyotangulia ili yaliyobaki yawe makali zaidi. Hapo ndipo skrinshoti nyingi zinapogeuka uongo ingawa kila herufi ni ya kweli. Kisha ficha wasiohusika: majina ya waliochangia, namba za simu, nyuso za watoto. Ficha kwa kisanduku kizito kisichopenya. Ile kalamu ya kung'arisha maandishi iliyo kwenye simu, hata ikiwa nyeusi, mara nyingi ni nusu uwazi: mtu akipandisha mwangaza wa picha, namba inasomeka kama haikuguswa.

Skrinshoti za miamala ni janga la peke yake. Ujumbe mmoja wa M-Pesa unaoonyeshwa ili kumwaibisha mdaiwa una jina la mtu, namba yake ya simu, kiasi, tarehe na saa, na mara nyingi salio la anayeonyesha. Hapo hakimiliki si hoja tena. Hizo ni taarifa binafsi za mtu. Mazungumzo ya kikundi cha WhatsApp ni vivyo hivyo: aliyeandika kwa watu 40 anaowajua hakuandika kwa wafuasi wako 200,000.

Kupakua na kupakia upya

Njia hii ndiyo inayoleta kesi, maonyo, na akaunti zinazofungwa kabla hujanywa chai. Inapendwa kwa sababu inalipa: namba zote za watazamaji zinabaki kwako.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Ujerumani. Mwanafunzi wa sekondari alipakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti moja ya safari, akaiweka kwenye kazi yake ya somo la Kihispania, na chini yake akataja tovuti alikoitoa. Shule ikaiweka kazi hiyo kwenye tovuti yake. Mpigapicha, Dirk Renckhoff, alishtaki. Agosti 2018 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema kwamba kuiweka picha upya kwenye tovuti nyingine kunahitaji ruhusa mpya, hata kama kule ilikotoka ilikuwa wazi kwa kila mtu na bure. Kiungo kingekuwa sawa, nakala haikuwa. Hoja ya mahakama ndiyo kipimo chetu: mpigapicha akiiondoa kule alikoiruhusu, ile ya shule inaendelea kuonekana. Na zingatia, chanzo kilitajwa.

Ndiyo maana maneno kama "Kwa hisani ya mtandao", "Video si yetu" na "Haki zote ni za mwenyewe" hayafanyi kazi inayodhaniwa. "Kwa hisani ya" maana yake mwenyewe amekufadhili. Kama hujaongea naye, hisani hiyo umejipa. Na "Video si yetu" ni kukiri kwa maandishi.

Kutaja jina la mtu asiye sahihi ni kubaya zaidi. Januari 2010, siku ya tetemeko la Haiti, mpigapicha Daniel Morel aliweka picha zake mtandaoni kupitia TwitPic, huduma ya kuweka picha za Twitter. Mtu mwingine alizinakili akazitangaza kama zake, shirika la habari la AFP likazichukua kutoka huko na kuzisambaza pamoja na Getty Images kwa jina la huyo aliyenakili. AFP ilijitetea kwamba masharti ya Twitter yaliruhusu, jaji akakataa, na Novemba 2013 baraza la wazee wa mahakama New York likampa Morel dola milioni 1.2 kwa picha 8. Shirika lenye wanasheria na wahariri wa picha lilinaswa na mtego ule ule unaoninginia kwenye kila kikundi cha WhatsApp.

Basi kabla ya kupakia chochote, tafuta aliyepiga. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na taarifa zake za ndani, kama tarehe na jina la kamera, hupotea, kwa hiyo usitegemee faili. Ipitishe kwenye Google Lens, kisha TinEye, zana za kutafuta picha ilikowahi kuonekana mtandaoni, na upange matokeo ya TinEye kuanzia ya zamani. Mtu akijitokeza kusema ni yake, mwombe faili lenyewe alitume kama dokumenti, pamoja na picha iliyotangulia au iliyofuata. Aliyekuwepo Jangwani kweli ana picha tano au sita za pale. Mwizi anayo moja, tena imekatwa.

Kwenye YouTube tofautisha mambo mawili. Dai la Content ID hutokana na mfumo unaotambua wimbo au video yenyewe, na mara nyingi maana yake ni kwamba mapato ya matangazo yanakwenda kwa mwenye kazi au video inazuiwa. Halihesabiwi kama onyo. Onyo la hakimiliki huja mwenyewe anapoomba rasmi video iondolewe. Maonyo 3 ndani ya siku 90 yanaweza kufunga chaneli nzima, na kuifuta video baada ya onyo kufika hakuliondoi onyo. Ukiwa na hakika umeonewa, unapeleka pingamizi, na mlalamikaji ana siku 10 za kazi kwa kalenda ya Marekani kuonyesha kwamba amechukua hatua ya kisheria. Pingamizi linabeba jina na anwani yako halisi, na mlalamikaji anaviona. Usilipeleke kwa hasira.

Kenya ina utaratibu wake tangu marekebisho ya 2019: mtoa huduma wa intaneti akipata notisi iliyokamilika anatakiwa kuzuia kazi hiyo ndani ya saa 48 za kazi, isipokuwa apate pingamizi. Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao inagusa pia ukiukaji wa hakimiliki kwa kompyuta, na adhabu inapanda pale unapofanywa kibiashara. Duka linalouza viatu kwa picha za duka jingine liko hapo, hata kama viatu ni vile vile.

Ujanja unaozunguka haujaokoa mtu. Hakuna sekunde 7 wala 10 za bure. Kugeuza video kushoto-kulia, kuharakisha sauti au kuweka fremu ya rangi kunaweza kuikwepa mashine kwa wiki mbili, lakini mbele ya hakimu ni ushahidi kwamba ulijua.

Kuomba ruhusa

Inachukua dakika 3 kuandika, na inashinda njia zote kwa kitu unachotaka kukihifadhi, kukikata au kukitumia kwenye tangazo. Wengi hujibu, wengine kwa furaha. Kinachoharibu ni kuomba vibaya. "Tunaweza kutumia?" chini ya posti yenye maoni 300 haimfikii mwenyewe, na akijibu "poa" hujui amekubali nini. Mfuate inboksi:

"Habari za asubuhi. Naitwa ______, nasimamia ukurasa wa ______. Picha ya Jangwani uliyoweka leo asubuhi, ni wewe uliyeipiga? Kama ndiyo, naomba kuitumia kwenye Instagram na Facebook za ukurasa wetu, bila kuikata, jina lako likiwa mstari wa kwanza. Haitaingia kwenye tangazo. Ukiridhia niandikie jina unalotaka litokee. Kama kuna malipo, nitajie kiasi. Ukitaka tuiondoe baadaye, niambie tu."

Swali la kwanza, "ni wewe uliyeipiga?", ndilo la maana kuliko yote, na ndilo linalorukwa. Ruhusa ya aliyeposti tu haina thamani. Hifadhi jibu: skrinshoti pamoja na nakala ya mazungumzo, kwenye folda yenye tarehe. Kwa sheria ya Kenya ruhusa ya kawaida inaweza kuwa ya mdomo, lakini kuhamisha haki moja kwa moja, au kupewa peke yako, lazima kuwe kwa maandishi. Kwa hiyo kampuni inayotaka picha ya kalenda ya mwaka mzima iandike mkataba, hata wa ukurasa mmoja.

Kazi zenye leseni huria

Ukitaka picha ya bandari ya Mombasa tu, si ya tukio la leo, nenda Wikimedia Commons, hazina ya mtandaoni ya picha zenye leseni huria, na uache kusumbua watu. Leseni za Creative Commons ni 6, na herufi ndizo zinazosema kila kitu. BY: mtaje. SA: ukiibadilisha, kazi yako nayo iwe chini ya leseni hiyo hiyo. NC: isiwe kwa biashara, na ukurasa unaoingiza pesa za matangazo usijidanganye hapo. ND: usisambaze iliyobadilishwa. CC0 ndiyo pekee isiyodai kitu.

Utajo uliokamilika una mambo manne: jina la kazi, aliyeifanya, ilikotoka, leseni, na ukiwa umebadilisha kitu, useme. "Picha: Wikimedia" imeacha matatu. Toleo la 4.0 lina ungwana wake: ukikosea ukarekebisha ndani ya siku 30 tangu ujue kosa, haki yako inarudi. Chujio la leseni kwenye Google ni mwanzo tu, fungua ukurasa wa asili usome mwenyewe. Pinterest si chanzo cha kitu chochote.

Basi ipi?

Kwa ukurasa wa habari tukio likiwa moto: kitufe au kiungo sasa hivi, na ombi la ruhusa inboksi wakati huo huo, akijibu, ndipo uipakie. Kwa kukosoa au kuweka kumbukumbu: skrinshoti nzima na maneno yako. Kwa biashara: piga picha zako au upate ruhusa ya maandishi, bila njia ya katikati. Kupakia upya bila ruhusa hatukupendekezi mahali popote. Mtu akikulalamikia, iondoe kwanza, mjibu, kisha ndipo mbishane kama kuna cha kubishana.

Kuna picha ambazo hata ruhusa haizisafishi. Majeruhi wa ajali barabarani, maiti, mtoto anayelia msibani: aliyepiga anaweza kukupa kwa moyo mmoja, na ndugu wa marehemu wakaijua habari kupitia ukurasa wako.

Na kuna ambazo mwenyewe anaomba zisambae, kama tangazo la mtoto aliyepotea. Hapo hakuna atakayekudai hakimiliki, na kwa sababu hiyo watu hupiga skrinshoti na kurusha kila kikundi. Shea kwa kitufe. Mtoto akipatikana saa 10 jioni, mama yake ataandika "amepatikana" kwenye posti ya asili au ataifuta, na zote zilizosheewa zitafuata. Skrinshoti hazifuati: mwaka ujao bado zitakuwa zinazunguka zikiwa na uso wa mtoto na namba ya mama, na simu yake itaendelea kuita usiku.